Kupima Uwezo wa Sanduku la Fyuzi katika Nyumba za Zamani za Meru na Embu

Uwezo wa sanduku la fyuzi, yaani kiasi cha umeme ambacho nyumba inaweza kuvuta kwa muda mrefu bila nyaya kupata moto kupita kiasi, hausomwi kwenye sanduku hilo peke yake. Umeme unaofika kwenye soketi ya sebuleni umekwisha kupita katika waya unaoshuka kutoka kwenye nguzo, katika fyuzi ya kampuni ya umeme, katika mita, katika nyaya fupi zinazounganisha mita na sanduku, katika swichi kuu, katika fyuzi ya saketi, na mwishowe katika waya uliopitishwa darini au ukutani, na kila mahali hapo pana kikomo chake. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho uwezo halisi wa nyumba. Mkulima wa Imenti au wa Manyatta anayetumia maji ya mradi wa mserereko hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa anajua kwamba bomba la inchi mbili likipunguzwa mahali pamoja tu kuwa la nusu inchi, kinachofika shambani ni maji ya nusu inchi.

Nyumba zinazohusika hapa ni za aina kadhaa. Zipo nyumba za watumishi wa serikali mjini Embu, uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na mjini Meru. Zipo nyumba za misheni na za walimu. Na zipo nyumba za mawe zilizojengwa na wakulima na wafanyabiashara katika miaka ya 1970 na 1980, hasa baada ya bei ya kahawa kupanda mwaka 1976 na 1977 kutokana na baridi iliyoharibu mikahawa ya Brazili mwaka 1975. Nyingi ziliunganishiwa nyaya kwa kufuata kanuni za wahandisi wa Uingereza na kwa vifaa vya Kiingereza, wakati ambapo mzigo wa nyumba ulikuwa taa, redio, pasi na pengine jokofu. Mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, yako katika mipaka ya Embu na majirani zake, ingawa nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya mashamba mengi ya Mbeere muda mrefu kabla ya nyumba zilizo chini yake kupata hata taa moja. Mzigo wa leo ni mwingine kabisa. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai haina mzaha, na kifaa cha kwanza ambacho mwenye nyumba anatamani kukifunga ni shawa ya stima inayopasha maji papo hapo. Shawa hiyo moja huvuta umeme kuliko vitu vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba siku sanduku lilipofungwa.

Kabla ya kupima chochote, ni lazima ifahamike ni nini kinachoruhusiwa kuguswa. Fyuzi ya kampuni, ambayo hukaa katika kisanduku cheusi au cha kijivu mahali waya wa nguzo unapoingilia, pamoja na mita, ni mali ya Kenya Power na hufungwa kwa lakiri. Kukata lakiri hiyo ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, na zaidi ya hilo ni hatari, kwa sababu hakuna swichi yoyote nyumbani inayoweza kuondoa umeme katika sehemu hiyo. Hata swichi kuu ikizimwa, skrubu zake za upande wa kuingilia hubaki na umeme kamili wa volti 240. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba anaweza kusoma maandishi ya nje, kuhesabu fyuzi, kuorodhesha vifaa na kuitazama mita, lakini kifuniko cha sanduku kinafunguliwa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, ambayo wengi huiita EPRA. Leseni ya daraja C-2 inamruhusu fundi kufanya kazi za umeme wa fezi moja, na ya C-1 inafika hadi fezi tatu za volteji ya chini. Kumwomba fundi aonyeshe kadi yake si kumvunjia heshima.

Ukaguzi huanzia nje na kuelekea ndani. Mita hubeba maandishi madogo yanayoeleza mkondo wake, na mkondo ndio kipimo cha wingi wa umeme unaopita, kinachohesabiwa kwa ampea. Mita ya zamani yenye kisahani kinachozunguka inaweza kuandikwa 10–40 A, na ya kielektroniki 5(60) A au namna nyingine ya jinsi hiyo. Namba ya kwanza ni mkondo ambao mita ilisawazishiwa, na ile ya mwisho, au iliyo ndani ya mabano, ndiyo kikomo. Katika nyumba nyingi zilizobadilishiwa mita za tokeni, mpango ulioanza nchini mwaka 2009, mita yenyewe iko kwenye nguzo au ukuta wa nje, na kilicho ndani ni kibao cha kubofyea namba tu, kwa hiyo maandishi ya kusomwa yako nje wala si kwenye kibao. Namba ya fyuzi ya kampuni nayo mara nyingi imeandikwa juu ya kisanduku chake, kwa mfano 60 au 80, ingawa maandishi hayo yanaeleza ukubwa wa juu ambao kisanduku kinaweza kubeba, na fyuzi iliyomo ndani inaweza kuwa ndogo zaidi. Jibu la hakika hutolewa na kampuni yenyewe inapoulizwa kwa namba ya mita.

Kutoka kwenye mita hadi kwenye sanduku kuna nyaya mbili fupi na nene ambazo hazitazamwi na mtu, na hapo ndipo makosa mengi yanapojificha. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 16, uliofunikwa kwa plastiki na kupitishwa ndani ya paipu, hubeba ampea 76; ule wa 10 hubeba 57. Ikiwa sanduku la zamani liliondolewa na mahali pake pakawekwa jipya lenye breka zinazong'aa na swichi kuu ya ampea 100, huku nyaya za 10 zikiachwa pale pale, nyumba hiyo bado ni ya ampea 57, na pengine chini ya hapo kama fyuzi ya kampuni ni ndogo. Kubadilisha sanduku huongeza usalama, na ni jambo la kusifiwa, ila hakuongezi hata ampea moja kwenye kinachoingia. Wenye nyumba wengi wamelipa fedha nyingi kwa kutoelewa tofauti hiyo.

Swichi kuu ya sanduku la Kiingereza la miaka hiyo, liwe la chuma cha kusubu lenye mkono wa pembeni au la mbao na bakalaiti, yaani plastiki ngumu ya rangi ya kahawia au nyeusi, kwa kawaida huandikwa 60A 250V. Namba ya pili ni volteji ya juu ambayo swichi iliundiwa, haihusiani na ukubwa wa mzigo. Ile ya kwanza ikizidishwa kwa volti 240 inatoa wati 14,400, au kilowati 14.4, na huo ndio mzigo wa juu wa swichi hiyo ikiwa bado ni nzima. Swichi iliyokaa miaka 40 bila kuzimwa inaweza kuwa na nyuso za shaba zilizoungua, zikapata joto hata kwa nusu ya mzigo huo, na dalili yake ni kifuniko kinachokuwa vuguvugu mkono ukiwekwa juu yake asubuhi wakati watu wanapooga.

Ipo dhana iliyoenea kwamba uwezo wa sanduku ni jumla ya fyuzi zake. Sanduku lenye fyuzi mbili za ampea 5, mbili za 30 na moja ya 15 lina jumla ya 85 nyuma ya swichi ya 60, na hapo hapana kosa lolote, kwa kuwa fyuzi haipo ili kugawa umeme bali kuulinda waya uliofungwa nyuma yake, na mafundi waliopanga hesabu hiyo walijua kwamba saketi zote hazitumiki kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja. Kinyume chake pia ni kweli: nafasi iliyo tupu ndani ya sanduku si ruhusa ya kuongeza saketi. Inaonyesha tu kwamba kuna mahali pa kufungia skrubu.

Fyuzi zenyewe zinadai uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Katika sanduku la zamani, fyuzi ni kishikio cha kauri au bakalaiti kinachochomolewa kwa mkono, chenye waya mwembamba unaofungwa kwa skrubu mbili, na rangi iliyo juu yake hueleza ukubwa wake: nyeupe ni ampea 5, buluu ni 15, njano ni 20, nyekundu ni 30 na kijani ni 45. Rangi inaeleza kile mtengenezaji alichokusudia. Waya uliofungwa ndani ndio unaoeleza ukweli. Waya wa fyuzi wa ampea 5 una kipenyo cha milimita 0.20, wa 15 una 0.50, wa 20 una 0.60, wa 30 una 0.85 na wa 45 una 1.25. Kebo ya nyuzi saba ya milimita za mraba 4, inayouzwa katika kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Runyenjes hadi Maua, ina nyuzi zenye kipenyo cha milimita 0.85 kila mmoja, kwa hiyo uzi mmoja uliochomolewa humo na kufungwa katika kishikio cheupe umeigeuza fyuzi ya taa ya ampea 5 kuwa ya 30. Kipande cha waya mmoja mzito wa 1.5, ambao kipenyo chake kinakaribia milimita 1.4, ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinapita hata fyuzi ya 45, na waya wa taa uliomo ukutani utaungua kabla yake. Fundi anayekagua anapaswa kuchomoa kila kishikio baada ya kuzima swichi kuu, kupima waya wake kwa maikromita au angalau kuulinganisha na waya mpya wa kadi ya dukani, na kuandika alichokikuta badala ya kilichotarajiwa.

Baada ya fyuzi hufuata nyaya za saketi. Zile zilizowekwa kabla ya Uingereza kuhamia vipimo vya mita, karibu na mwaka 1970, na hata baadaye kidogo kutokana na mali iliyobaki maghalani, hupimwa kwa inchi na kuandikwa kama sehemu: 3/.029 ni nyuzi tatu zenye kipenyo cha inchi 0.029 kila mmoja, 7/.029 ni nyuzi saba za namna hiyo. Kwa vipimo vya leo, 3/.029 ni karibu milimita za mraba 1.3, 7/.029 ni karibu 3, 7/.044 ni karibu 6.9, na 7/.064 ni karibu 14.5. Fundi kijana asiyewahi kuziona huweza kuichukulia 7/.029 kuwa ni ya 4 kwa sababu ya nyuzi zake saba, ilhali nyuzi za 4 ni nene zaidi. Nyaya za miaka ya kabla ya plastiki zilifunikwa kwa mpira, na mpira huo hukauka ukapasuka unapokunjwa. Nyumba yenye nyaya za mpira haina uwezo wa kupimwa, inahitaji nyaya mpya tu.

Kwa nyaya za shaba zenye plastiki, zikiwa mbili ndani ya paipu na joto la mazingira likiwa nyuzi 30, ile ya 1.5 hubeba ampea 17.5, ya 2.5 hubeba 24, ya 4 hubeba 32 na ya 6 hubeba 41. Namba hizi hupunguzwa na mambo mawili ambayo katika nyumba za eneo hili hukutana. La kwanza ni fyuzi yenyewe. Fyuzi ya waya wa kufunga kwa mkono haikatiki upesi. Ile ya 30 huhitaji mkondo unaokaribia mara mbili ya namba yake ili iyeyuke, na kwa hiyo kanuni zinataka uwezo wa waya uzidishwe kwa 0.725 kabla ya kulinganishwa nayo. Waya wa 4 hushuka hadi ampea 23, wa 2.5 hadi 17, na wa 6 hadi 29.7, ambao hautoshi kikamilifu hata kwa fyuzi nyekundu. Breka, ambayo ni swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi, haihitaji punguzo hilo, na hapo ndipo faida ya kweli ya sanduku jipya inapoonekana: waya ule ule wa 6 unaoshindwa na fyuzi ya 30 unalindwa vizuri na breka ya 32. Jambo la pili ni dari. Waya uliolazwa chini ya mabati yaliyopigwa na jua la Februari, ambako joto huweza kufika nyuzi 45, hubaki na asilimia 79 tu ya uwezo wake, na hivyo ule wa 4 uliosemwa kubeba 32 hubeba 25.

Saketi za soketi za mtindo wa Kiingereza zina hila zake. Nyingi ni za mzunguko, yaani waya wa 2.5 hutoka kwenye fyuzi ya 30, hupita soketi zote, kisha hurudi kwenye fyuzi ile ile, ili kila soketi ilishwe kutoka pande mbili. Dalili yake ni nyaya mbili nyekundu chini ya skrubu moja. Ikiwa mzunguko huo umekatika mahali fulani, kwa mfano fundi alipohamisha soketi wakati wa kupaka plasta, soketi zote bado zitawaka na mwenye nyumba hatajua lolote, lakini waya wa ampea 24 sasa unalindwa na fyuzi ya 30 na kubeba peke yake mzigo wa wawili. Kwa hiyo mzunguko ni lazima upimwe kwa mita ya ukinzani kutoka ncha moja hadi nyingine, umeme ukiwa umezimwa.

Vikomo vikishajulikana, hufuata hesabu ya mzigo, na shawa ndiyo ya kuanza nayo kwa sababu ndiyo inayodanganya. Shawa nyingi za aina hii zinazouzwa nchini zimeandikwa kilowati 5.5 kwa volti 220, wakati umeme wa Kenya ni wa volti 240. Kipasha joto kilichomo ndani ni ukinzani usiobadilika: 220 ikizidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa 5,500 inatoa omu 8.8. Volti 240 zikigawanywa kwa 8.8 zinatoa ampea 27.3, na nguvu yake inakuwa wati 6,545, si 5,500. Anayepanga waya kwa kufuata namba ya kwenye boksi anakosea kwa zaidi ya kilowati moja.

Chukuliwe mfano wa nyumba ya mawe ya vyumba vinne yenye swichi ya 60, taa 12, saketi moja ya mzunguko ya soketi, jiko la gesi na shawa moja. Desturi ya wahandisi ni kuihesabu kila taa kuwa wati 100 kisha kuchukua asilimia 66 ya jumla, ambazo ni wati 792 au ampea 3.3, saketi ya kwanza ya soketi huhesabiwa kwa ukubwa wa fyuzi yake, ampea 30, na shawa huhesabiwa yote, 27.3. Jumla ni 60.6, nayo imegusa kikomo cha swichi. Mwenye nyumba anaweza kusema kwamba taa zake zote ni za LED za wati 9, na ni kweli kwamba zote 12 kwa pamoja hazifiki nusu ampea, lakini akiba hiyo ya ampea tatu hainunui shawa ya pili.

Hesabu ya pili huangalia saa yenye shughuli nyingi zaidi, ambayo katika familia ya watoto wa shule ni kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi. Shawa inavuta 27.3, birika la umeme la kilowati mbili linavuta 8.3, pasi ya wati 1,200 inavuta 5, na jokofu na taa haviongezi zaidi ya moja: jumla ni ampea 41 na kidogo, nafasi ipo. Shawa ya pili ikifungwa katika chumba cha wazazi na zote mbili zikafunguliwa pamoja, jumla inafika karibu 69. Wengi hufikiri kwamba hapo fyuzi ya kampuni ya 60 itakatika na kuwaonya. Haikatiki. Fyuzi ya namna hiyo imeundwa kustahimili robo zaidi ya namba yake kwa muda mrefu, kwa hiyo ampea 69 zitapita kila asubuhi kwa miaka, huku swichi kuu ya zamani na skrubu za nyaya za 10 zikichemka polepole. Ukimya wa fyuzi usichukuliwe kuwa kibali.

Kuna njia ya kupima mzigo halisi bila kufungua chochote. Mita ya kielektroniki ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mapepeso kwa kila yuniti, yaani kilowati-saa, kwa mfano 1,000. Mapepeso yanahesabiwa kwa sekunde 30; idadi hiyo huzidishwa kwa 3,600, kisha hugawanywa kwa 30 na kwa namba iliyoandikwa kwenye mita. Mapepeso 20 kwa muda huo ni kilowati 2.4, sawa na ampea 10. Kwa mita ya kisahani hesabu ni ile ile: kisahani cha mizunguko 240 kwa yuniti kinachomaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 6 kinaonyesha kilowati 2.5. Fundi mwenye klampu mita, chombo chenye taya zinazozungushwa waya bila kuukata, hupata jibu hilo mara moja, mradi azungushe waya mmoja tu, kwa maana taya zikikumbatia wa moto na wa niutro pamoja, mikondo hupingana na chombo husoma sufuri.

Kipimo kingine kinachostahili nafasi ni kile cha volteji kushuka. Volteji hupimwa katika soketi isiyo ya saketi ya shawa, kwanza shawa ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Ikiwa ilikuwa 238 na ikashuka hadi 226, volti 12 zimepotea kabla ya umeme kufika kwenye fyuzi za saketi, yaani katika waya wa nguzo, mita, swichi kuu au viungo vyao, na volti 12 kwa mkondo wa ampea 26 hivi ni zaidi ya wati 300 za joto zinazoishia mahali fulani. Zikiwa zimesambaa katika waya mrefu unaotoka kwenye transfoma iliyo mbali, jambo la kawaida katika vijiji vya Tigania na Mbeere, hasara yake ni maji kuwa vuguvugu. Zikiwa zimekusanyika kwenye skrubu moja iliyolegea, hasa pale waya wa alumini wa kampuni unapokutana na shaba, ni moto unaosubiri siku. Bakalaiti iliyobadilika rangi, plastiki iliyolainika, na harufu inayofanana na ya samaki karibu na sanduku ni dalili za hali hii ya pili, na zikionekana swichi kuu huzimwa na kampuni huarifiwa siku hiyo hiyo.

Waya wa ardhi hauongezi uwezo, ila huamua kama uwezo huo unaweza kutumiwa kwa usalama, na shawa inayomgusisha mtu aliyelowa maji na umeme haifai kufungwa bila huo waya na bila kinga ya miliampea 30, ile breka inayokata umeme unapovuja. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya hushika unyevu na hupokea umeme vizuri. Mchanga na mawe ya Kiritiri au Siakago wakati wa kiangazi hayapokei, na nondo moja ya ardhi iliyotosha Manyatta huenda isitoshe huko.

Nyumba za aina mbili tofauti zinahitaji neno fupi. Zile zilizounganishwa kupitia mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015 zina redibodi, sanduku dogo lililokuja likiwa na breka chache, soketi na kishikio cha taa, nalo halikukusudiwa kuwa chanzo cha nyaya za nyumba nzima, sembuse shawa. Na ploti za kupangisha, kama zile za Makutano mjini Meru, ambako nyumba ya zamani ya familia moja imegawanywa vyumba kumi vyenye mita ndogo ndogo, haziwezi kuhesabiwa kwa desturi ya nyumba moja, kwa sababu wapangaji kumi hupika na kupiga pasi saa ile ile na punguzo la asilimia halina msingi.

Ukaguzi ukionyesha kwamba kikwazo ni fyuzi za kufunga kwa mkono au nyaya za ndani, kazi ni ya fundi na mwenye nyumba. Kikwazo kikiwa nyaya za mita, fundi huweka za 16 upande wa nyumba na kampuni huitwa kuziunganisha na kufunga lakiri upya. Kikiwa waya wa nguzo au fyuzi ya kampuni, mwenye nyumba huomba Kenya Power iongeze uwezo, akiambatisha hesabu ya mzigo iliyotiwa sahihi na fundi mwenye leseni, na kama mzigo umevuka kile kinachobebeka kwa fezi moja, hupewa fezi tatu, ambapo kila shawa huwekwa kwenye fezi yake na swichi kuu hubadilishwa kuwa ile inayokata fezi zote tatu na niutro kwa pamoja. Gharama ya hatua hiyo ya mwisho si ndogo, na mara nyingi hita ya maji ya jua juu ya paa, au tangi lenye kipasha joto cha kilowati tatu kinachowashwa usiku na kuvuta ampea 12.5 tu, huondoa haja yake. Kwa vyovyote vile, matokeo ya ukaguzi, yaani namba ya mita, fyuzi ya kampuni, unene wa nyaya za mita, swichi kuu, kila saketi na waya wake, pamoja na tarehe na namba ya leseni ya fundi, huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa sanduku, ambako fundi atakayefuata ataikuta kabla ya kushika bisibisi.